Jenerali wa Mwaka 2055 Yuko Darasani Mbinga: Nani Anamlea?

Serikali ikipungukiwa na mhasibu, inatangaza nafasi, na baada ya wiki chache mtu anaripoti kazini. Ikipungukiwa na daktari bingwa, inaweza kumwomba kutoka nchi rafiki kwa mkataba. Lakini hakuna jeshi duniani linaloweza kubandika tangazo ukutani likisema: "Anahitajika Brigedia Jenerali mwenye uzoefu wa miaka 25, aanze kazi Jumatatu." Jeshi halina mlango wa pembeni. Anayeliongoza leo aliingia miongo mitatu iliyopita akiwa kijana asiyejua hata kufunga mkanda wa sare yake vizuri. Atakayeliongoza mwaka 2055 hana budi kuingia katika miaka hii hii tuliyomo.

Piga hesabu mwenyewe. Kijana mwenye miaka 20 leo, aliyemaliza kidato cha sita na kupita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), akichaguliwa na kutunukiwa kamisheni katika chuo cha kijeshi cha Monduli, ifikapo 2055 atakuwa amegusa miaka 50. Huo ndio umri wa kukabidhiwa brigedi, divisheni, au kiti cha Makao Makuu. Kwa hiyo majenerali wa siku hizo wameshazaliwa. Wengine wako Kigonsera wanahangaika na hesabu. Wengine wako Liuli na Lituhi, asubuhi shuleni, jioni wanasaidia kuanika dagaa. Wengine wameshavaa kombati na wanalala kwenye mahanga ya Mlale.

Swali ni moja: nani anawalea?

Nawaandikia wazee wangu mliostaafu JWTZ mkarudi kulima kahawa Mbinga au kununua mtumbwi Mbamba Bay. Nawaandikia kaka na dada zangu maafisa mlio kazini, ambao kila siku mnapita mbele ya luteni anayewapigia saluti, na mnasahau jina lake. Nawaandikia walimu. Nawaandikia pia ninyi wadogo zangu mnaoota nyota begani.

Bahati si mpango

Tunajua kwa uchungu nini hutokea nchi inapokosa viongozi wa jeshi iliowalea yenyewe. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, lakini miaka miwili baadaye makamanda wa vikosi vya Tanganyika Rifles walikuwa bado Waingereza, na maafisa Waafrika walikuwa wa kuhesabika. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walidai mishahara bora, na walidai maafisa Waafrika. Uasi ukafika Tabora. Serikali changa ya Mwalimu Nyerere ikalazimika kuwaomba Waingereza wale wale watume wanajeshi wao kuuzima, na Januari 25 wakauzima. Kwa taifa lililokuwa linajifunza kutembea, ilikuwa aibu nzito.

Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Mirisho Sarakikya, aliyesomea Sandhurst, akakabidhiwa jeshi zima akiwa na umri wa takriban miaka 30 tu. Aliubeba mzigo huo hadi 1974, na jeshi aliloliacha ndilo mzazi wa jeshi tulilonalo. Tumpe heshima yake. Lakini tuseme pia ukweli: kijana alitwikwa mzigo wa wazee kwa sababu wakoloni hawakuona haja ya kulea maafisa Waafrika wa kutosha. Tulibahatika kuwa naye. Jeshi linalotegemea bahati mara ya pili linacheza kamari na mipaka ya nchi.

Karipio la 1962

Kuna kisa kingine ambacho kila mlezi wa viongozi anapaswa kukijua. David Musuguri, mwana wa Butiama, aliingia King's African Rifles mwaka 1942 na akapigana Madagascar katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947, akiwa sajenti, alikuwa mkufunzi katika kambi ya Kahawa nchini Kenya. Miongoni mwa vijana waliopita mikononi mwake alikuwamo Idi Amin.

Kwata wote wawili walipiga ile ile. Bunduki walisafisha zile zile. Amin alikuwa na kila kitu ambacho mkubwa mvivu hukitafuta kwa kijana: mwili mkubwa, ubingwa wa ndondi, saluti kali, na jibu la "ndiyo bwana" kwa kila amri. Wakubwa wa Kiingereza walimpenda, na mwaka 1961 akapewa kamisheni. Mwaka 1962 askari aliowaongoza waliwaua wafugaji wa Kiturkana. Shauri likafika juu. Lingeweza kumpeleka mahakamani, au walau kumvua nyota zake. Lakini maafisa Waganda walikuwa wachache na uhuru ulikuwa mlangoni, hivyo viongozi wa siku zile wakaamua apewe karipio kali, aendelee na kazi. Mwaka 1966 akawa mkuu wa jeshi la Uganda. Januari 1971 akapindua serikali. Oktoba 30, 1978 majeshi yake yakaingia Kagera.

Historia ina mizaha yake: aliyeongoza Divisheni ya 20 ya JWTZ kumfuata hadi kwake, mpaka Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, ni yule yule sajenti mkufunzi wa Kahawa, sasa Meja Jenerali. Musuguri alikuja kuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, na akafariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104.

Mkufunzi na mwanafunzi wake hawakutoka sawa, maana kwata humfundisha mtu kutembea, haimfundishi kujizuia. Kulenga shabaha unaweza kumfunza kijana kwa miezi michache. Kumfunza kwamba raia asiye na silaha ni amana yake, hiyo ni kazi ya miaka, na ina siku yake ya mtihani. Siku hiyo ni ile ambayo kijana wako hodari, unayemtegemea, unayejivunia mbele ya wenzako, anafanya kosa kubwa. Ukimfunika kwa sababu ana kipaji, unamfundisha kwamba kipaji ni kinga. Wewe afisa unayesoma hapa, huenda siku hiyo unayo mezani kwako wiki hii. Isimamie.

Amri iliyotolewa usiku, ikatekelezwa alfajiri

Vita ile ile ya Kagera ina upande wa pili. Usiku wa Machi 10, 1979, katika mji mdogo wa Lukaya, brigedi ya 201, yenye mgambo wengi waliokuwa bado wageni wa vita, ilishtukizwa na majeshi ya Amin pamoja na Walibya waliokuja na makombora ya Katyusha. Safu ikavunjika. Musuguri akaagiza brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini magharibi, igeuke na kutembea usiku huo huo hadi barabara ya Kampala. Alfajiri ilipofika, walikuwa wamefika. Mapigano ya siku hiyo ndiyo yaliyofungua njia ya ushindi.

Jiulize amri kama ile hufanikiwaje. Jenerali anazungumza kwenye redio, gizani, na brigedi nzima inageuka na kwenda kule anakotaka. Haifanikiwi kwa sababu ya sauti yake. Inafanikiwa kwa sababu brigedia anaelewa shabaha ya mkubwa wake bila kuelezwa mara mbili, meja anaelewa shabaha ya brigedia, na koplo anajua kwamba luteni wake hatamwacha njiani. Uelewano huo haujengwi usiku wa vita. Hujengwa miaka ya amani, mezani, uwanjani, na kwenye moto wa jioni, na watu waliokaa chini na wadogo zao wakawaeleza sababu za mambo.

Nasi wa mwambao wa Ziwa Nyasa tunao ushahidi wetu wa kinyume chake. Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen, chini ya Kamanda Rhoades, iliingia Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades tangu siku za amani, na hakuwa na habari kwamba vita imeanza Ulaya. Habari ilimfikia kwa mzinga. Wakubwa wake walimwacha mbali, bila taarifa na bila maandalizi, na ziwa likawa la Waingereza. Afisa wetu anayesimama leo Liuli, Chiwanda au kwenye mpaka wa Msumbiji naye kuna siku atabaki peke yake, mtandao umekatika, mkubwa hapatikani. Siku hiyo atakuwa na kile tu alichopewa kabla.

Ramani ilichorwa lini?

Malezi yenyewe yanaonekanaje? Tuseme luteni kijana ameandika amri ya doria ya siku mbili kwenye milima ya mpakani. Analeta karatasi kwa meja wake saa kumi jioni, wakati kila mtu anatazama saa. Meja mvivu anasaini. Meja mwenye hasira anairudisha na kusema, "Hovyo, kaandike upya." Meja mlezi anasukuma kiti kwa mguu.

"Kaa. Askari wako watakunywa nini siku ya pili?"

"Kuna kijito hapa, afande."

"Umekiona kwa macho au kwa ramani?"

"Kwa ramani, afande."

"Ramani ilichorwa lini?"

Kimya. Luteni anaangalia pembeni ya ramani na kuona ilichapishwa kabla hajazaliwa.

"Haya. Ukianguka wewe saa nane usiku, nani anashika platuni?"

"Sajenti, afande."

"Sajenti mwenyewe anajua njia, au anajua kwamba anakufuata wewe? Na hiki kijiji mtakachokipita, mwenyekiti wake amearifiwa, au watu wataamka waone bunduki?"

Meja hakumpa jibu hata moja. Alimpa maswali sita na robo saa ya muda wake. Luteni akaondoka na karatasi ile ile, akaiandika upya usiku. Doria iliporudi, meja akamwita tena na kumuuliza jambo moja tu: "Nini hakikwenda ulivyopanga, na wewe ulifanya nini?" Hapo hakuna hotuba. Hakuna projekta. Kuna mkubwa aliyeamua kwamba karatasi ya luteni ni sehemu ya kazi yake, na kijana aliyejifunza kuuliza maswali hayo mwenyewe kabla hajaulizwa. Rudia jambo hilo mara mia kwa miaka ishirini, utapata jenerali.

Watu wa Umatengo wanaujua ufundishaji huu kuliko mtu yeyote. Hakuna aliyesomea kilimo cha ngoro chuoni. Majani hukatwa yakaachwa yanyauke, yakapangwa kwa mistari inayokatana kwenye mteremko, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila kiboksi na kuyafunika. Linabaki shimo katikati na matuta pembeni, mvua inanaswa, maharage yanaota juu ya majani yanayooza. Mteremko ambao mgeni angesema haulimiki umelisha vizazi. Maarifa hayo yalipita toka mkono hadi mkono: mtoto alisimama pembeni ya mama yake na jembe dogo, akachimba shimo la kwanza likabomoka, mama akacheka, akamwambia arudie hapo hapo. Uongozi wa jeshi nao hufundishwa hivyo, ubavuni.

Ndiyo maana usidanganyike kwamba vyuo vitamaliza kazi. Tuna vyuo vyema. Monduli kinatoa afisa mpya. Duluti, Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, kinamchukua afisa wa ngazi ya kati na kumfunza kufikiri kwa upana zaidi ya kikosi chake. Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, kilichoanza 2012, kinawakutanisha maafisa waandamizi na watumishi wa raia wajadili usalama wa taifa zima. Lakini jumlisha muda wote ambao afisa anakaa vyuoni katika miaka zaidi ya thelathini ya utumishi. Ni sehemu ndogo. Miaka mingine yote yuko kikosini, na kikosini mwalimu ni mkubwa aliye karibu naye, mzuri au mbaya.

Na mwalimu wa kwanza wa afisa mpya hana nyota kabisa. Ni sajenti wa platuni yake, aliyekaa jeshini tangu luteni yuko shule ya msingi, anayemjua askari anayejifanya mgonjwa na anayeficha ugonjwa. Luteni Usu anayeona haya kumuuliza sajenti wake amefunga shule yake mwenyewe. Na sajenti anayemwacha luteni aaibike mbele ya askari ili ajue adabu amesahau kwamba siku moja huyo ndiye atakayesaini amri za kuwapeleka wanawe vitani. Mfundisheni kijana faraghani, mheshimuni hadharani.

Jirani wa ng'ambo ya ziwa

Kiongozi mkuu wa jeshi anayetoka mwambao huu ana somo la ziada, nalo ni Malawi. Mzozo wa mpaka wa Ziwa Nyasa tunaujua wote. Tanzania inasema mpaka upo katikati ya maji. Malawi inadai maji yote hadi ufukweni, kwa kusimamia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Mwaka 2012 maneno yalipanda joto, na usuluhishi ukapelekwa kwa marais wastaafu wa Kusini mwa Afrika chini ya Joaquim Chissano.

Mwaka uliofuata, 2013, Umoja wa Mataifa uliunda brigedi maalumu ya kupambana na waasi mashariki mwa Kongo. Nchi zilizotoa askari zilikuwa tatu: Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Wakati wanasiasa wanabishana juu ya maji, vijana wa pande mbili za ziwa walikuwa handaki moja.

Novemba 14, 2018, karibu na Beni, askari hao walikuwa katika operesheni dhidi ya waasi wa ADF. Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania alijeruhiwa, akashindwa kusogea, risasi zikimpita juu. Praiveti Chancy Chitete wa Malawi akarudi kumfuata. Akamburuta hadi mahali penye kinga, akaanza kumhudumia, na hapo naye akapigwa risasi. Koplo alipona. Chitete alifariki. Mei 2019 Umoja wa Mataifa ukamtunuku nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, iliyopewa jina la afisa wa Senegal aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994. Nishani hiyo haitolewi ovyo.

Kisa hicho kisimuliwe katika kila shule kuanzia Mbamba Bay hadi Lituhi. Kijana atakayekuwa jenerali mwaka 2055 huenda ndiye atakayeketi mbele ya jenerali mwenzake wa Malawi siku maneno yakipanda tena. Ikiwa wamefahamiana Duluti wakiwa mameja, ikiwa wote wawili wanalijua jina la Chitete, watazungumza kama watu wanaodaiana wema. Kumlea kamanda ni pamoja na kumfundisha nani si adui yake.

Jeshi la wananchi, si la chama

Jambo moja zaidi halivumilii kuachwa. Ibara ya 147 ya Katiba yetu inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Mfumo wa vyama vingi uliporejea 1992, maafisa waliokuwa kwenye siasa ilibidi wachague njia. Jakaya Kikwete, aliyewahi kufundisha siasa Monduli, alivua sare akiwa Luteni Kanali akabaki na siasa, na miaka 13 baadaye akawa Rais. Alichagua kwa uwazi, akakaa upande mmoja wa mstari. Mfundisheni kijana mstari huo mapema. Jeshi letu halijawahi kupindua serikali, na hilo halikuja lenyewe: kuna wakubwa waliowafundisha wadogo zao kwamba bunduki ni ya wananchi wote, waliompigia kura huyu na waliompigia yule.

Sasa kila mtu ashike lake

Wazee wangu wastaafu, penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee wenyewe wawepo. Chagueni kijana mmoja. Mmoja tu. Si wa kumtafutia nafasi: matapeli wanaouza nafasi za JKT na JWTZ wapo, jeshi linatoa onyo kila mara, na jina lako lisiwe sabuni ya kuwasafisha. Wala si wa kumpa siri za kazi. Mpe kile kisicho siri: namna ya kuamka kabla ya kuamshwa, kusema ukweli mbele ya mkubwa bila kumvunjia heshima, kula mwisho baada ya watu wako, kukiri kosa siku ile ile. Msimulie makosa yako na si ushujaa peke yake. Kijana akisikia ushujaa mtupu anajifunza majigambo.

Maafisa mlio kazini, cheo chako kitapimwa siku utakapoondoka. Tazama orodha ya wadogo zako leo ujiulize: nikihamishwa kesho asubuhi, ni nani anaweza kukaa kwenye kiti changu bila kazi kuyumba? Ukikosa jina, umekuwa ukilinda kiti, hukuwa ukiongoza. Wape wadogo zako kazi inayowazidi kidogo, kaa karibu wasizame, na kazi ikifanikiwa taja majina yao mbele ya wakubwa. Na uogope sana kijana asiyewahi kukupinga. Amin kijana alijibu "ndiyo bwana" kwa kila amri.

Walimu wa Mbinga na Nyasa, msimsubiri mkuu wa kikosi. Kiranja anayegawa zamu za usafi kwa haki, na kujiweka mwenyewe kwenye zamu mbaya, ameshaanza Monduli. Mtazameni, mumwambie mmemwona.

Nanyi wadogo zangu, msiseme kwenu ni mbali. Benjamin Mkapa alipita Kigonsera akiwa mwanafunzi, na baadaye akawa Rais na Amiri Jeshi Mkuu. John Komba wa Lituhi alivaa sare ya JWTZ hadi akawa kapteni, akaongoza kikundi cha muziki cha TOT, akarudi kuwa mbunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki Februari 2015. Mkoa wenu wa Ruvuma umeongozwa mfululizo na wakuu wa mkoa waliotoka jeshini: Brigedia Jenerali Wilbert Ibuge, Kanali Laban Thomas, na Ahmed Abbas Ahmed. Mabinti, nanyi msikae pembeni: tangu Machi 19, 2021 Amiri Jeshi Mkuu wa nchi hii ni mwanamke, na atakayempigia saluti akiwa jenerali anaweza kutoka Chiwanda. Barabara ya lami ya kilomita 66 inashuka sasa kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Kisingizio cha umbali kimekwisha.

Kama umepata wa kukulea, mheshimu kwa kumsikiliza. Kama hujapata, mtafute. Nenda kwa yule mzee mstaafu mtaani kwenu, yule ambaye watoto wanamwita Afande ingawa aliacha kazi zamani, umwombe akuulize maswali magumu. Mtu hafedheheki kwa kuomba kufundishwa.

Samaki mkunje angali mbichi. Hapa ziwani hakuna anayehitaji kuelezwa hilo. Mzee mstaafu, afisa, mwalimu: kabla wiki hii haijaisha, taja jina la kijana mmoja, mwite, keti naye, mpe kazi, muulize ilikwendaje, na wiki ijayo mwite tena. Tanzania haitampata jenerali wa 2055 kwa njia nyingine.